Motokari Gani Itakufikisha Pepa?



Kuna ulizo moja ambalo vijana wananiuliza mara nyingi, zaidi wale wanaotumika kwenye makampuni ya kuchimba shaba. Wanasema: «Pasta, nimeweka feza kidogo-kidogo. Ninataka motoka ya kuendea kazi kila siku, na tena ya kupanda nayo mpaka mugini wakati wa konje, hata kulala nayo njiani. Ninunue gani?»

Mbele ya kukujibu, ndugu msomaji, ninakuomba tupande pamoja mpaka Pepa. Njia ya Pepa inajibu ulizo lile vizuri kunipita mimi.

Njia ya kupanda Marungu

Pepa iko katika teritware ya Moba, katika jimbo la Tanganyika, lililozaliwa mwaka 2015 wakati Katanga ya zamani iligawanywa kuwa majimbo 4. Kama unatoka Lubumbashi, unapita Kasomeno, Kilwa na Pweto, upande wa ziwa Mweru, kisha unaanza kupanda. Kama unatoka Moba, unaacha ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako karibu meta 770 juu ya bahari, na unapanda milima ya Marungu, ambayo sehemu zake za juu kabisa zinafika karibu meta 2460. Asubuhi kule Moba unatoka jasho. Jioni kule Pepa unatafuta koti.

Kule juu pori si nzito. Ni majani, vilima nyuma ya vilima, na miti kando ya vijito. Wakati wa Wabeleji kulikuwa shamba kubwa la ng'ombe, na mpaka leo mtu akisikia jina la Pepa anafikiri ng'ombe na baridi. Ukiamuka mapema, unaona ukungu umelala katika mabonde kama maziwa ndani ya bakuli.

Njia yenyewe ni ya udongo. Wakati wa kiangazi ni vumbi na mawe. Wakati wa mvua udongo unakuwa kama sabuni. Kamyo moja ikikwama inachimba shimo. Kamyo ya pili inaongeza shimo. Ya tatu inalala pale siku mbili, na watu wanapika bukari kando yake. Kuna madaraja ya miti tu, na shofere mwenye akili anashuka kwanza, anayapima kwa miguu yake, kisha anapita.

Usifikiri kwamba nguvu ya mashini inamaliza mambo. Mwaka 2000, wakati wa vita, majeshi yalipigana Pepa, kisha Pweto. Motokari nyingi za kijeshi ziliachwa zimechomwa karibu na kivuko cha Pweto, kwa sababu hazikupata njia ya kuvuka. Zilikuwa na nguvu, lakini zilibaki pale.

Kosa langu

Sasa niungame kosa langu, ili wewe usilirudilie.

Miaka kadhaa iliyopita parokia yetu ilikusanya feza ya kununua motokari ya kutembelea makanisa ya mbali. Wamama waliuzisha samaki na maandazi. Wafanyakazi walitoa kidogo kwenye mshahara kila mwezi. Vijana walilima shamba la watu kwa kulipwa. Kisha komite ikanipa mimi na mashemasi wawili kazi ya kuchagua.

Tulionyeshwa motokari mbili. Ya kwanza ilikuwa ya zamani, rangi imekwisha, viti vigumu, hakuna chombo cha kuleta baridi ndani. Ya pili ilikuwa inang'aa, vioo vyeusi, na mbele ya shofere taa nyingi kama mji usiku. Shemasi mmoja alisema: «Pasta, tuulize fundi.» Mimi nilisema hakuna haja. Ninakuambia kweli: sikuangalia mashini hata kidogo. Niliangalia tu namna itakavyosimama mbele ya kanisa siku ya yenga.

Katika mji ilikuwa raha. Miezi mitano hatukusikia shida. Kisha tukapanda Pepa, wakati wa mvua. Tulifika kwa shida, lakini tulifika, na watu walikuja kuishika-shika motokari yetu. Mazuti tulinunua kutoka kwenye mabidoni, sawa watu wote wa kule wanavyofanya.

Siku ya kurudi, muuguzi mmoja alikuja mbio. «Baba Pasta, kuna mama hapa, uchungu ulianza tangu jana, na mtoto amekaa vibaya. Mumufikishe Moba, kwa hospitali.» Tukamlaza nyuma, pamoja na mama mkwe wake. Tukaondoka saa tisa ya mchana, mvua ikinyesha.

Kisha saa mbili hivi, taa moja ya rangi ya machungwa iliwaka mbele ya shofere. Mashini ikapoteza nguvu. Kilometa moja nyingine, ikazimika, na haikuwaka tena.

Katika kijiji cha karibu kulikuwa fundi muzee. Alikuja na taa yake na funguo zake ndani ya mfuko wa bluu. Alifungua, akaangalia, akamulika kule na huku, kisha akafunga tena polepole. Akasema: «Pasta, hii motoka yenu iko muzuri sana. Lakini hapa hakuna kitu ya mukono wangu kushika. Yote ni kompyuta. Maji imeingia mu mazuti, na yeye amekataa.»

Usiku ule sitausahau. Mama yule alikuwa akilia kwa sauti ya chini, na mama mkwe wake alikuwa akimfuta uso kwa kitambaa. Mimi nilisimama inje kwenye mvua, kwa sababu sikuweza kukaa ndani ya motokari ile. Nilikuwa nikihesabu feza ya wamama wa samaki.

Karibu na mapambazuko tulisikia mashini. Ilikuwa Land Cruiser ya zamani ya mchuuzi mmoja, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, juu yake magunia. Alitupa magunia chini bila kuuliza ulizo, akamchukua mama, akaenda. Walifika Moba. Waganga walimpasua, na mtoto alizaliwa mzima. Mganga aliniambia baadaye kwamba saa chache nyingine, tungezika watu wawili.

Motokari yetu ilibaki katika kijiji kile majuma matatu, ikingojea kifaa kutoka mjini. Baadaye tuliiuzisha kwa hasara kubwa, na mimi nilisimama mbele ya kanisa kuwaeleza watu sababu.

Nani ataitengeneza?

Basi, ndugu msomaji, ulizo la kwanza si «Ina nguvu ngapi?» wala «Ni ya mwaka gani?» Uliza hivi: «Ikisimama pale nitakapoenda mbali zaidi, nani ataitengeneza, na kwa vyombo gani?» Jibu la ulizo hili linapita mambo mengine yote.

Ndiyo sababu katika nchi yetu unaona jipu za namna moja kwenye mahospitali, misioni na makampuni. Waingereza walionyesha Land Rover ya kwanza mwaka 1948 kule Amsterdam. Kisha Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa haba, basi mwili wake ulitengenezwa kwa aluminiumu, ambayo hailiwi na kutu kama chuma. Wajapani walifuata mwaka 1951 na jipu ya Toyota BJ, ambayo waliijaribu kwa kuipandisha mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Jina Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Mwaka 1984 ikatoka ile tunayoijua sana huku, seri ya 70, na kuanzia mwaka 1990 ikawekewa mashini ya mazuti inayoitwa 1HZ, yenye silinda 6 na litre 4.2.

Juu ya nini mafundi wanaipenda mashini hii? Pompe yake ya mazuti inatumika kwa vyuma, bila kompyuta. Haina turbo. Fundi anaifungua kwa funguo za kawaida, na piesi zake zinapatikana mpaka kwenye masoko madogo. Mazuti mabaya yanaiumiza nayo pia, usidanganyike. Lakini fundi muzee kama yule wa kijijini anaweza kutoa maji katika chujio, kupiga pompe kwa mkono, na kuiwasha tena.

Motokari nyingi za mazuti za siku hizi zinasukuma mazuti kwa nguvu kubwa sana, kupitia matundu madogo sana, na kompyuta inaongoza yote. Zinakula kidogo, zinakimbia vizuri, lakini zinadai mazuti safi. Land Rover ya namna ya zamani iliacha kutengenezwa tarehe 29 Januari 2016; ile mpya iliyorithi jina lake Defender ni yenye nguvu, lakini nayo iko na kompyuta nyingi. Kama unaishi na garaji kubwa karibu, sawa. Kama unaenda Pepa, fikiri tena.

Mlima unakula nguvu

Jambo la pili: hewa ya juu ni nyepesi. Mashini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila meta 1000 unazopanda. Kwenye meta 2000 umeacha karibu sehemu moja ya tano. Motokari iliyokuwa na mbio kule Moba inaanza kutoa moshi mweusi na kusinzia. Haijaharibika; imekosa hewa.

Kwa hiyo unapashwa kuwa na vitesi fupi, ile ya kutembea polepole kwa nguvu nyingi. Hapa vijana wengi wanadanganyika. Wanaona motokari ndefu yenye sura ya jipu, wanafikiri ni jipu. Nyingi zinavuta kwa mipira miwili tu. Nyingine zinavuta kwa minne, lakini hazina vitesi fupi, wala hazikujengwa juu ya chasi ya nguvu. Kwa lami ya Lubumbashi zinafaa kabisa. Kwa mlima wa udongo siku ya mvua, zinakuacha.

Angalia mipira pia. Mipira mipana inayong'aa ni ya mji. Mipira myembamba yenye meno, na yenye mpira wa ndani, inaweza kuzibwa kando ya njia na kijana mwenye pompe na gundi. Beba ya kubadilisha miwili, kriki, kipande cha ubao cha kuweka chini ya kriki kwenye matope, na kamba ya kuvuta.

Na usukani? Motokari nyingi zinazopita bandari ya Dar es Salaam zinatoka Japani na usukani kuume. Sisi Kongo tunatembea kuume. Ukiwa nyuma ya kamyo na usukani kuume, huoni kinachokuja mpaka umetoa motokari yote inje. Kama umeinunua tayari, usipite kamyo bila mtu wa kushoto kukuangalilia, na kama yeye ana mashaka, baki nyuma.

Mbele ya kutoa feza

Nenda na fundi usiye na udugu na mwenye kuuzisha. Mfike asubuhi, mashini ikiwa baridi. Kama umeikuta imekwisha kupashwa moto, uliza sababu. Iwasheni. Moshi wa bluu unaoendelea maana yake inakula oili. Moshi mweupe mwingi usioisha, na maji yanayopungua, inawezekana maji yanaingia katika mashini. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta kitu kama maziwa chini yake, ogopa. Lala chini, angalia chasi kama imechomelewa. Ingiza vitesi fupi na mvuto wa mipira minne, utembee nao kwenye udongo, usikubali maneno matupu. Halafu soma karatasi zote, na ulinganishe namba na zile za kwenye chasi.

Kisha hesabu gharama mpaka mwisho, sawa mtu anayetaka kujenga mnara. Jipu kubwa ya zamani inaweza kula litre 15 kwa kilometa 100. Ukikaa kilometa 20 kutoka kazini, kwenda na kurudi siku 25 ni kilometa 1000 kwa mwezi, ni litre 150. Motokari ndogo inayokula litre 7 itatumia 70 tu. Zile litre 80 za tofauti, kila mwezi, ni masomo ya watoto.

Basi ninakuambia bila kuficha: kama unapanda mugini mara moja kwa mwaka, usinunue jipu. Nunua motokari ndogo ya kazi, na siku ya safari lipa nafasi kwenye kamyo, ao panda moto. Jipu ni ya mtu ambaye njia mbaya ndiyo kazi yake ya kila juma. Hakuna haya katika kukubali hilo. Haya ni ile niliyoipata mimi.

Kulala njiani

Wazungu wanalala inje kwa kupumzika. Sisi kwenye njia ya Pepa tunalala inje kwa sababu njia imekataa. Hata hivyo, mtu aliyejitayarisha anaweza kufurahi usiku ule: nyota ni nyingi sana, na hewa ni safi.

Simama mbele ya giza kuingia, karibu na watu. Enda kwanza kwa chifu wa kijiji ao kwa kapita wake, umusalimie, useme unatoka wapi na unaenda wapi. Atakuonyesha mahali, na atajua pia kama njia ya mbele ina usalama. Usilale ndani ya bonde la kijito hata kama ni kavu. Mvua ya mlimani inaweza kushuka wakati mmekwisha kusinzia. Usikate miti ya kando ya vijito. Ni michache, na katika Marungu kuna ndege mdogo wa kunyonya maua ambaye hapatikani mahali pengine duniani, na miti ile ndiyo nyumba yake.

Beba hema ao turubai, mablanketi kupita unavyofikiri, chandarua, maji, taa, na chakula cha siku mbili zaidi. Maharagi uyalowanishe tangu asubuhi: kwenye meta 2000 maji yanachemka karibu digri 93, kwa hiyo hayaivi upesi kama kule ziwani. Mama asidhani kwamba makala ni mabaya.

Na hili ulishike sana, kwa sababu baridi ya Pepa inadanganya watu: usiingize mbabula ya makala ndani ya hema wala ndani ya motokari iliyofungwa, wala usilale ukiacha mashini inawaka ili upate joto. Inatoka hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na mtu haamuki tena. Jifunike, vaa soksi mbili, mulale karibu-karibu. Makala ibaki inje.

Ulizo la mama yule

Leo parokia yetu iko na Land Cruiser ya zamani. Milango inapiga kelele, vumbi inaingia, na katika mji watoto wanaicheka. Kila mbele ya safari tunatoa maji katika chujio la mazuti, na mazuti ya bidoni tunayachuja kwa kitambaa safi na kuyaacha yatulie mbele ya kuyamimina. Imekwama mara nyingi. Lakini kila mara kulikuwa mtu pale pale aliyejua kuishika, na siku ile ile, ao kesho yake, tuliendelea.

Mtoto aliyezaliwa asubuhi ile sasa anasoma shule ya msingi kule Pepa. Kila tukipanda, mama yake anatoka nyumbani, anasimama kwenye njia, mikono kiunoni, na mbele hata ya kunisalimia ananiuliza: «Baba Pasta, leo mumekuja na motoka gani?»

Anacheka akiuliza. Mimi pia ninacheka, lakini ninamjibu kila mara. Nawe kijana, siku utakapokuwa na feza mkononi mbele ya motokari inayong'aa, ujiulize ulizo lake mbele ya kulipa.